Fundo la Chumvi

Wajukuu zangu wanalalamika kwamba naweka chumvi nyingi kwenye mboga. Ni kweli naweka, na nitaendelea kuweka mpaka siku watakaponifukia. Anayetaka mboga ya chapwa akapike kwake. Mimi niliila miaka mitatu nikiwa mtoto, na ya kunitosha nilishaipata.

Miaka hiyo ndiyo iliyofuata vita vya Maji Maji. Tulikaa chini ya milima ya Matogoro, mwendo wa asubuhi moja kutoka boma la Wajerumani la Songea. Baba alikwenda vitani asirudi. Mama ndiye aliyeshika kibuyu cha dawa siku baba alipoondoka. Maji yale yalimiminwa utosini mwa baba, yakamtiririka mpaka kidevuni, na sisi sote tuliokuwa uani tuliamini kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Hazikugeuka. Tangu hapo mama hakukubali maji yaguse kichwa chake. Alioga mpaka shingoni tu, na kichwa alikipaka mafuta ya nyonyo. Mvua ikianza kudondoka, alikimbilia ndani upesi kuliko kuku.

Katika ukoo wetu, mwanamke akifiwa na mume huacha chumvi siku hiyohiyo. Haionji wala haigusi. Muda wa msiba ukitimia, mtu wa ukoo wa marehemu humtilia chumvi kwenye mboga, naye akila, basi, amerudi kwa watu. Kabla ya hapo hapakati mtoto wa mwenzake, hatangulii kupanda mbegu shambani, wala haingii nyumba ya mtu. Tabu ya mama ilikuwa kwamba hakukuwa na mtu wa kumtilia. Baba mkubwa alinyongwa bomani. Baba mdogo mmoja alikufa kwa risasi, na wa pili alikufa kwa njaa, ile njaa iliyokuja askari walipochoma maghala. Babu alimfuata mwanawe baada ya siku chache. Nilibaki mimi, binti wa miaka minane au tisa, na mtoto hamtoi mtu msibani.

Kwa hiyo mama alikaa. Wanawake wa kijijini walimsalimia kwa mbali, tena kwa adabu nzuri, na jirani alipojifungua mapacha, mama alisimama nje ya ua akawatazama kwa juu ya matete. Nilimwona alivyoikunja mikono yake, kama mtu asiyejua aiweke wapi. Na kwa kuwa mimi na yeye tulikula chungu kimoja, chumvi alipoiacha yeye niliiacha na mimi, bila kuulizwa.

Alibaki shangazi. Huyu aliolewa huko ziwani, kwa Wanyasa, kabla sijazaliwa, na vita vilipopita hatukujua kama yu hai. Kwetu shangazi ni baba, ila amezaliwa mwanamke, na wanaume wakiisha mkono wake unatosha. Kiangazi kimoja mpita njia akatuletea habari kwamba yuko, ni mzima, ana watoto. Siku ileile mama alikwenda kumtwangia unga mke wa askari mmoja wa boma. Alitwanga tangu mavuno mpaka majani yote yalipokauka, kwa ajili ya mke wa askari, na sikumsikia akiguna hata mara moja. Ujira wake ulikuwa chumvi ya pwani, nyeupe, kiasi cha ngumi ya mtoto.

Mke wa askari aliimimina kwenye kipande cha kaniki, akakifunga, akanipa mimi, maana mama hakuruhusiwa kuigusa.

“Utaibeba wewe,” mama akaniambia. “Tunakwenda kuomba jambo kubwa, na mkono mtupu haulambwi.”

Nilijifunga kaniki ile kiunoni, tukaenda. Siku ya kwanza nilikuwa mtoto mwema. Siku ya pili, mama alipokuwa mbele yangu akiparamia kilima, nilililegeza fundo, nikalowesha kidole kwa mate, nikachovya. Mungu wangu! Msiokosa chumvi hamtaelewa. Mwili wangu wote ulisimama. Nilitaka kulia, nilitaka kucheka, nilitaka kukaa chini palepale njiani nisiende tena popote. Nilifunga fundo upesi, fundo la mtoto, la kuvuta tu, nikakimbia kumfikia mama.

Nilijiambia ni mara moja. Tulipopita Umatengo, kwenye yale mashamba yao yaliyochimbwa mashimo mashimo toka bondeni hadi kileleni, nilikuwa nimeshachovya mara nisizojua idadi. Kila jioni nilijifunga kwa aibu, na kila asubuhi nililikuta fundo limekaza kabisa, ncha yake imepita mara mbili na kujificha chini. Nilidhani umande ndio uliolikaza. Mtoto mwizi haulizi sana.

Siku ya sita tuliteremka milima, na pale njia ilipokata kona, nikaliona ziwa. Nilikuwa nimezoea mto Ruvuma kule unakoanzia Matogoro, ambako mtoto anauruka kwa hatua moja. Sasa mbele yangu kulikuwa na maji yasiyo na mwisho upande wa kaskazini wala wa kusini. Ng'ambo milima ilionekana mstari tu, nayo ilikuwa rangi moja na mbingu. Niliona kwamba vitu vyote nilivyowahi kuviita vikubwa, boma, milima yetu, hata vita, vingeweza kutumbukia mle na maji yakajifunga juu yake. Mama alikuwa ameupa mgongo ule upande, anatazama mizizi ya mti.

“Yote hayo ni maji?” aliniuliza.

“Yote, mama.”

Akanipita na kuendelea kuteremka, macho yake yakiwa kwenye vidole vya miguu yake mwenyewe.

Kijijini tulimkuta mume wa shangazi anashona wavu. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye kucheka kwa mabega. Alitukaribisha ndani, mama akakataa mlangoni na kueleza sababu. Yule mzee akaelewa mara moja. Alisema mkewe hayupo, yuko kwenye fungu na wanawake wenzake wanaanika usipa, wale dagaa wa ziwani, na watakaa huko siku nyingi bado. Fungu ni mchanga unaojitokeza katikati ya maji kiangazi kinapokolea, mbele ya mdomo wa mto, na mvua zikija linazama tena. Alisema atatupeleka kesho asubuhi na kuturudisha kabla jua halijashuka. Tulilala kwenye kibanda cha nyavu, kwa kuwa kibanda si nyumba.

Asubuhi mama aliingia kwenye mtumbwi kama anayeingia kaburini. Alikaa katikati, akashika kingo mbili, akafumba macho. Mimi nilikaa mbele. Tulipoacha ufuko, niliinama nikatazama chini, na chini hakukuwa na matope wala giza kama kwenye mito yetu. Niliona mawe, tena mbali sana chini, na juu yake samaki wa buluu wakipita katikati ya hewa. Ndivyo nilivyoona mimi, kwamba ni hewa na sisi tunaelea juu yake. Nilishika ukingo kwa nguvu nisije nikaanguka mpaka kwenye yale mawe.

Kisha nikaona moshi. Ulikuwa mbali, mweusi, umesimama juu ya maji, mrefu kuliko mti wowote. Nilipiga ukelele. Mama akafumbua macho, akauona, akanivuta na kunilaza chini ya mtumbwi, akanifunika kwa mwili wake. Sisi tuliotoka Songea tulijua moshi wa namna hiyo maana yake nini.

“Wamefika mpaka huku,” mama alisema. “Hata maji wanayachoma.”

Mume wa shangazi aliacha kupiga kasia. Mabega yake yalianza kucheka, halafu akatutazama vizuri, yakaacha.

“Shemeji, ule si moto,” alisema polepole. “Ni wadudu. Wadogo kuliko mbu. Wanatoka majini wengi hivyo, upepo ukiwaleta ufukoni tunawakamata, tunawafinyanga, tunawala. Inuka uone.”

Tuliinuka. Moshi ule ulikuwa unajikunja na kujikunjua wenyewe, unatembea juu ya ziwa bila haraka, na jua lilipoupiga ukawa rangi ya asali. Mama aliutazama mpaka ukapotea. Ndipo nilipogundua kwamba alikuwa amekaa macho wazi, maji pande zote, na mikono yake haikushika kitu.

Fungu tulilifikia jua likiwa bado la asubuhi. Kwa mbali lilikuwa mstari mweupe, na wanawake juu yake walionekana wamesimama juu ya maji matupu. Mtumbwi ukagusa mchanga mahali ambapo bado hapakuwa na nchi kavu. Mume wa shangazi alisema tushuke hapo, kina ni cha kifundo cha mguu. Sikumwamini. Nilitangulia mguu mmoja, na kweli, niko katikati ya ziwa, milima ya pande zote mbili iko mbali, na maji yananiramba vifundo. Yalikuwa vuguvugu. Nilikiona kivuli changu kimelala chini ya maji, kinatembea nikitembea. Vifaranga vya samaki vilikuja kunusa vidole vyangu, vikakimbia, vikarudi. Mchanga wenyewe mkavu ulilia chini ya miguu, kila hatua sauti, na ulikuwa safi namna ambayo sikuwa nimeona kitu safi tangu vita vianze. Haukuwa na jivu. Haukuwa na nyayo za mtu isipokuwa za wale wanawake. Moyo wangu ulijaa, na hadi leo, nikitaka kujua maana ya kusema Mungu ni mkubwa, narudi pale kwenye maji ya kifundo cha mguu.

Ndipo nikakumbuka chumvi.

Nilirudi kwenye maji alikokuwa mama, nikajipapasa kiunoni. Fundo lilikuwa limekaza vizuri, lakini ndani nilisikia chembe chache tu, labda za kufunika ukucha. Kule mchangani wanawake walikuwa wameshatuona. Mmoja aliacha kazi, akaja mbio, na alikuwa na uso wa baba. Pua ileile, paji la uso lilelile, hata kukimbia kwa kuchechemea. Mama alisimama akaweka mkono mdomoni. Mimi nilijua kwamba baada ya kitambo kidogo nitaambiwa nifungue kaniki mbele ya uso ule, na mama yangu atarudi Matogoro mfiwa kama alivyokuja, mpaka kufa kwake, kwa sababu ya ulimi wangu.

Basi nilikaa. Nilikaa kitako kwenye maji kana kwamba nimeteleza, nikahakikisha kaniki imezama, nikaisugua na kuisugua. Halafu nikaanza kulia kwa sauti, na kilio hakikuwa cha uongo.

“Chumvi!” nililia. “Chumvi imeingia maji!”

Mama aligeuka. Sijasahau uso wake, na sikuuelewa wakati ule. Haukuwa na hasira. Alinitazama tu, kisha akamtazama wifi yake, akapiga magoti palepale majini.

“Wifi yangu,” alisema, “nimekuja kukuomba unitoe msibani. Wote wamekwisha. Umebaki wewe. Chumvi nilileta, na unaona yaliyotukuta.”

Shangazi naye akapiga magoti. Habari za ndugu zake alizipata pale, kwa neno moja, wote wamekwisha. Walishikana wakalia, maji yakiwafika mapajani, na wale wanawake wengine walisimama wakawaachia nafasi. Walipomaliza shangazi alinijia. Alinifungua kaniki kiunoni, akaikunjua. Ndani hamkuwa na kitu. Akaigusisha ulimini, akatafuna kidogo, akanitazama. Jicho lake lilikaa juu yangu muda mrefu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi nilijua kwamba yule mwanamke ameijua yangu.

“Maji yakimwagika hayazoleki,” alisema mmoja wa wanawake. “Ngojeni mpaka tupate chumvi nyingine.”

“Atapata wapi nyingine, na lini?” shangazi akamjibu kwa ukali. “Mtu kaja siku sita kwa miguu. Leteni chungu.”

Aliteka maji palepale nilipokaa, si mbali na hapo wala si karibu, palepale. Aliyamimina kwenye chungu, akatia usipa wabichi konzi mbili, halafu akaikunja ile kaniki na kuitumbukiza mle ndani pamoja na samaki. Waliwasha moto wa matete makavu juu ya mchanga. Wakati chungu kinachemka, shangazi alimwambia mama kwamba lazima kwanza aoge, kichwa na vyote. Mama akatikisa kichwa.

“Mwili nitaoga,” alisema. “Kichwani sitaki. Wifi, mimi ndiye niliyeshika kibuyu.”

Shangazi alisukuma matete motoni.

“Sikulazimishi,” alisema. “Kichwa ni chako.”

Mama alioga mpaka shingoni, akavaa, akarudi kukaa karibu na moto. Shangazi alipakua mboga ile kwenye kibakuli cha mti, akaishika kwa mikono miwili, akatamka majina ya baba na ya ndugu zake, yote, kwa mpangilio wa kuzaliwa kwao. Kisha akasema: “Mimi wa ukoo wao nimekutilia chumvi. Kula.”

Mama alichukua samaki mmoja, akachovya kwenye mchuzi, akala. Alitafuna kwa muda. Sisi wote tulimtazama kinywa. Nilikuwa naomba, sijui nilikuwa namwomba nani, labda ziwa lenyewe, lirudishe zile chembe.

“Imekolea,” mama alisema.

Wanawake wakapiga vigelegele. Mmoja wao, aliyekuwa na mtoto mgongoni, alimfungua papo hapo na kumweka mama mapajani. Mama alimpakata, akamwinamia, akamnusa shingoni, na mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Nami nikapewa kibakuli. Nilionja mchuzi. Ulikuwa na ladha ya samaki, ya matete na ya rangi ya kaniki. Chumvi haikuwamo hata chembe.

Tulibaki pale mpaka jua lilipopinda. Mama alisaidia kugeuza usipa, akacheka mara mbili, na mimi nilijitenga mwisho wa fungu nikapiga hesabu ya dhambi zangu. Kabla hatujaondoka, shangazi alimpa mama konzi ya usipa wakavu wa njiani. Akaileta na ile kaniki, imeshakauka juani. Alitualika tukae kijijini, lakini akasema yeye mwenyewe nyumba yake ya kweli ni hili fungu.

“Huku akida haji kudai kodi,” alisema. “Ataliandikaje, na mvua zikija linaondoka?”

Kwenye mtumbwi nilikaa mbele kama asubuhi, ila sasa sikutazama chini. Nilisikia mama ananiita. Alikuwa ameitandaza kaniki magotini, ameweka usipa katikati, anaifunga. Aliipitisha ncha mara moja. Akaipitisha mara ya pili. Kisha akaificha chini, akakaza kwa meno, akaniwekea mkononi.

Nililitazama lile fundo. Nilikuwa nimelikuta kila asubuhi, njia nzima.

“Fundo lako halishiki,” mama alisema. “Chumvi yote ingemwagika njiani.”

Nililigeuza fundo mkononi. “Lakini wewe ulikatazwa kugusa.”

“Niligusa nguo. Chumvi sikuigusa.”

“Na hukunizuia.”

“Ningekuzuia vipi?” alisema. “Aliyefiwa na mume ni mimi. Wewe umekula chapwa miaka mitatu kwa kuwa ndiyo niliyopika, na hujasema hata siku moja kwamba ni mbaya.”

Mume wa shangazi alipiga kasia, akajifanya hasikii. Nililia safari hii bila sauti, nikamwuliza mama lile lililobaki: ile mboga ilikuwa na chumvi?

Mama aliinama ubavuni mwa mtumbwi, akachota ziwa kwa viganja viwili, akayatazama yale maji jinsi yalivyokuwa meupe mikononi mwake. Kisha akajimiminia kichwani. Yalimtiririka usoni mpaka kidevuni, naye hakuyafuta.

“Nimekwambia imekolea,” alisema.